Chombo na Mkaguzi Wake: Historia ya Meli za Ziwa Nyasa Upande wa Ruvuma

Ukaguzi wa chombo cha majini kabla ya kununuliwa hujibu maswali matatu: bodi yake ni nzima kiasi gani, kinafaa maji ya namna gani, na thamani yake ni ipi kikiwa katika hali ile ile kilivyokutwa. Anayeyajibu ni mkaguzi wa vyombo, fundi anayelipwa na mnunuzi ili aone kile ambacho muuzaji hana haja ya kukionyesha. Kwenye mwambao wa Ruvuma, kutoka Lituhi na Ndumbi kushuka Liuli, Mbamba Bay hadi Chiwindi kwenye mpaka wa Msumbiji, maswali hayo yana uzito kuliko yalivyo bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Ziwa Nyasa halina mlango wa meli. Maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Shire, na mto huo hukatwa na maporomoko kabla haujafika Zambezi. Kwa sababu hiyo meli kubwa za ziwa hilo ama ziliingia vipande vipande, au ziliundwa ufukweni kwa mabati yaliyoletwa kutoka mbali. Meli mbovu ya baharini huweza kurudishwa ilikotoka. Iliyokwisha kuungwa Ziwa Nyasa hukaa huko na kasoro zake zote.

Kazi ya ukaguzi ilizaliwa mbali na huko, tena kwenye duka la kahawa. Wafanyabiashara wa London waliokuwa wakikatiana bima ya meli walikutana katika duka la Edward Lloyd, na mwaka 1760 wakaunda chama cha kuorodhesha meli kwa ubora wake. Mwenye kukata bima alitaka kujua kama anabeba hatari ya meli nzima au ya gofu, naye hakuweza kwenda kila bandari kujionea. Akatumwa mtu, mara nyingi nahodha mstaafu au seremala wa meli, aliyepanda melini, akachungulia ngama, akagonga mbao kwa nyundo, kisha akatoa alama. Bodi ilipewa herufi yake na vifaa vikapewa alama yake. Ndiko ilikotoka A1, alama ya meli isiyo na dosari. Ufaransa na Ubelgiji zilipata Bureau Veritas, iliyoanzia Antwerp mwaka 1828, na Wajerumani wakapata Germanischer Lloyd huko Hamburg mwaka 1867. Hadi leo msingi haujabadilika: anayeweka fedha yake hatarini hutafuta jicho lisilo la muuzaji.

Vyombo vya kwanza vya Wazungu vilivyohusishwa na Ziwa Nyasa vilikosa jicho hilo, na gharama yake ilionekana mapema. Mwaka 1858 David Livingstone aliingia Zambezi na boti ya mvuke iitwayo Ma Robert, iliyoundwa katika kiwanda cha Laird, Uingereza, kwa chuma cha aina mpya kilichosifiwa kwa wepesi. Mabamba yake yalikuwa membamba mno, kiasi cha milimita moja na nusu. Yalikuliwa na kutu yakatoboka, tanuri likala kuni bila kutoa nguvu ya maana, na mwishoni mwa 1860 boti hiyo ikazama kwenye fungu la mchanga. Uchunguzi wa makini wa mabamba na majaribio marefu ya injini kabla ya safari vingetosha kuikataa. Livingstone alilifikia ziwa Septemba 1859, lakini si kwa Ma Robert.

Chombo chake kingine, Lady Nyassa, alikiagiza kwa fedha zake mwenyewe, takriban pauni 6,000, mahsusi kwa ziwa hilo. Kililetwa vipande vipande, kikaungwa, na hakikufika ziwani. Mwaka 1864 Livingstone alikiongoza mwenyewe kutoka Zanzibar hadi Bombay, takriban mwezi mmoja na nusu baharini, na mwaka uliofuata akakiuza huko kwa pauni 2,300 hivi. Hiyo ni biashara ya mapema ya chombo kilichotumika kilichobeba jina la Nyasa. Chombo kilichobuniwa kwa maji ya ziwa kilikwenda kuuzwa katika bandari ya bahari, mbali na kazi yake. Thamani ya chombo hutegemea mahali kilipo na haja ya anayekiuza, na ndiyo sababu mkaguzi huandika bei ya chombo pale kinapoelea.

Waliofuata walijifunza. Mwaka 1875 E. D. Young, aliyekuwa askari wa majini, aliwaletea wamisionari wa Livingstonia boti ya mvuke Ilala, kazi ya kiwanda cha Yarrow cha London. Ilifunguliwa chini ya maporomoko ya Shire, ikabebwa na mamia ya wapagazi, ikaungwa upya juu yake, na Oktoba 1875 ikaingia ziwani. Ilikuwa meli ya kwanza ya mvuke katika maziwa makuu ya Afrika. Meli za namna hiyo ziliungwa kwanza kiwandani kwa boliti, zikakaguliwa zikiwa zimesimama, kila kipande kikapigwa namba, kisha zikafumuliwa na kufungwa katika makasha. Ukaguzi ulifanyika ng'ambo, kabla ya bahari, na aliyeukosa hapo hakuwa na pengine pa kuupata. Kipande kimoja kilichopinda njiani, au tundu la ribiti lisilokutana na mwenzake, lilimaanisha kungoja miezi mingi barua ifike Ulaya na kipuri kirudi.

Wajerumani nao walipitia njia hiyo hiyo. Meli Hermann von Wissmann iliundwa Hamburg mwaka 1890 katika kiwanda cha Janssen & Schmilinsky, kwa fedha zilizochangwa kwa bahati nasibu ya kupinga biashara ya utumwa. Awali ilikusudiwa Ziwa Victoria. Ilipodhihirika kwamba kuibeba kwa miguu kutoka pwani hadi huko kungeshinda nguvu za misafara, ikageuzwa njia, ikapandishwa Zambezi na Shire, na mwaka 1893 ikaelea Ziwa Nyasa.

Kubwa kuliko hizo kwa wakazi wa mwambao ilikuwa Chauncy Maples ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Ilipewa jina la askofu aliyezama ziwani katika tufani ya Septemba 1895. Iliundwa Glasgow na kampuni ya Alley & McLellan, ikasafirishwa ikiwa vipande 3,481, ikazinduliwa Juni 1901. Tanuri lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11, halikuweza kugawanywa. Lilikokotwa na wanaume Wangoni wapatao 450. Kwa miongo kadhaa meli hiyo ilikuwa kanisa, shule na zahanati iliyotembea, na Liuli, penye misheni na hospitali ya UMCA, palikuwa miongoni mwa vituo vyake.

Liuli ndipo historia ya ukaguzi wa meli katika ziwa hili ilipokutana na historia ya dunia. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba mkubwa uliosimama majini mfano wa sanamu ya Sphinx ya Misri. Hori yake imekingwa na upepo, na ufukwe wake unateremka taratibu, jambo ambalo kila mwenye meli hulitafuta. Hapo palikuwa na chelezo, yaani mteremko wa kuvutia meli nchi kavu ili tumbo lake lionekane. Bila chelezo mkaguzi huona nusu ya meli tu: sitaha, mashine na vyumba. Nusu inayoamua uhai wa abiria imo ndani ya maji. Lazima mwani ukwanguliwe, mabamba yagongwe moja moja, na sikio litofautishe mlio wa chuma kizima na mlio mfu wa chuma kilicholiwa na kutu.

Agosti 1914 Hermann von Wissmann ilikuwa juu ya chelezo hilo ikitengenezwa. Habari za vita zilikuwa zimewafikia Waingereza wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, lakini hazikumfikia nahodha Berndt wa Liuli. Tarehe 13 Agosti meli Gwendolen ikatokea, ikiongozwa na kamanda E. L. Rhoades, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amelipima ziwa hilo na kuchora ramani yake. Alikuwa rafiki wa Berndt. Manahodha hao wawili walikunywa pamoja kila walipokutana. Gwendolen ikafyatua mizinga. Berndt akapanda mtumbwi mdogo kwenda kumuuliza rafiki yake kulikoni, akaambiwa kwamba nchi zao zinapigana, akachukuliwa mateka. Sehemu muhimu za mashine ya meli yake zikang'olewa. Lilikuwa miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu, na lilimalizika kwa namna ile kwa sababu meli iliyo chelezoni haina njia ya kukimbia. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli kuiharibu zaidi, wakiogopa isije ikatengenezwa.

Iliyofuata ndiyo hesabu halisi ya mnunuzi wa chombo kilichotumika, ingawa hapa hakuna aliyenunua. Baada ya Wajerumani kuondoka Waingereza waliitazama meli hiyo iliyopigwa mara mbili na kuachwa, wakapima kama bodi yake inastahili kazi ya kuifufua. Waliona inastahili. Ilitengenezwa, ikaitwa King George V, ikaendelea kubeba abiria na mizigo ziwani chini ya bendera nyingine. Ziwa Tanganyika lilishuhudia jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Meli Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, baada ya mafundi kupaka mashine grisi nzito. Mwaka 1924 iliinuliwa, ikakutwa mashine na matanuri yanaweza kutumika, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mtu aliyeiangalia kwa macho tu, ikiwa imejaa tope, angeiandika gofu. Kazi ya mkaguzi si kukataa vyombo peke yake. Mara nyingine yeye ndiye anayekiokoa kilichokwisha kutupwa.

Meli hizi zilidumu kwa sababu ambayo watu wa pwani huisahau. Maji ya ziwa ni maji baridi. Chuma huliwa polepole kuliko katika maji ya chumvi, na minyoo inayotoboa mbao za majahazi ya bahari haiishi humo. Chauncy Maples ilitolewa mvuke na kutiwa injini ya dizeli mwaka 1967, ikiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Hakuna anayefunga injini mpya kwenye bodi iliyooza.

Lakini maji baridi yana deni lake. Ni mepesi kuliko maji ya bahari kwa takriban asilimia 2 na nusu, hivyo chombo chenye mzigo ule ule huzama chini zaidi ziwani kuliko baharini. Mstari wa mzigo uliochorwa ubavuni, ambao Uingereza iliulazimisha kisheria mwaka 1876 kwa juhudi za Samuel Plimsoll, una alama tofauti kwa maji ya aina hizo mbili. Mkaguzi anayepokea chombo kilichopimwa baharini kwa ajili ya kazi ya ziwani lazima aipime hesabu hiyo upya.

Wala utulivu wa maji ya asubuhi si kipimo. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake katika sehemu fulani hufika mita 700. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi, ambao wenyeji wengi wa ziwa huuita mwera, hupita juu ya urefu wote huo bila kizuizi na kuinua mawimbi mafupi yenye kusimama wima. Tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya ya shirika la reli la Nyasaland ilipinduka katika hali hiyo, na watu 145 wakafa. Haikuwa meli kuukuu. Ilikuwa mpya, mabamba yake hayana kutu. Yapo maswali mengine ambayo umri wa chuma hauyajibu: uzito umekaa juu kiasi gani, milango na mifuniko ya sitaha hufungwaje, chombo kikilala upande hurudi kwa nguvu gani. Iliyochukua nafasi yake, Ilala ya pili, ilitoka tena kwa Yarrow, safari hii Glasgow, ikaletwa vipande vipande kama mtangulizi wake wa 1875 na kuanza safari mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa miaka mingi Mbamba Bay ilikuwa kituo chake upande wa mashariki.

Uhuru ulileta meli za Tanganyika na baadaye za Tanzania, zenye maskani yake Itungi wilayani Kyela. MV Songea na MV Iringa zilishuka mwambao hadi Liuli na Mbamba Bay, chini ya Shirika la Reli na kisha Kampuni ya Huduma za Meli. Kwa vijiji vingi vya chini ya milima ya Umatengo meli hizo ndizo zilizokuwa barabara. Msimu wa mvua ukikata njia ya Mbinga, mgonjwa, gunia la muhogo na mwanafunzi wa sekondari vyote vilingoja honi ya meli. Utegemezi wa namna hiyo humweka mkaguzi pagumu, kwa sababu kuisimamisha meli mbovu ni kuufunga mwambao mzima. Ni hoja yenye huruma, nayo ni ya hatari.

Hatari hiyo ilidhihirika Ziwa Victoria. MV Bukoba, iliyoundwa mwaka 1979 na kujulikana tangu mapema kuwa na matatizo ya msawazo, ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakafa. Katika miaka iliyofuata nchi ilipata mamlaka ya usafiri, SUMATRA, kwa sheria ya 2001, na Sheria ya Usafiri wa Meli ya 2003, iliyoweka bayana kazi za uandikishaji na ukaguzi. Tangu 2018 jukumu hilo upande wa Bara ni la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Mikataba ya kimataifa ya usalama wa meli iliandikwa kwa ajili ya safari za baharini. Ziwani ulinzi hutegemea sheria ya nchi, na Ziwa Nyasa lina nchi tatu zenye daftari tatu tofauti za vyombo. Boti ikinunuliwa Nkhata Bay, upande wa Malawi, na kuvushwa hadi Mbamba Bay, imenunuliwa nje ya nchi, hata kama safari ni ya saa chache na muuzaji na mnunuzi ni ndugu. Cheti cha ng'ambo hakihamii na chombo. Inatakiwa hati ya mauzo, uthibitisho kwamba kimefutwa katika daftari la kule na hakidaiwi, na ukaguzi mpya.

Pwani ya Tanzania ndiyo iliyotoa mafunzo machungu kuhusu vyombo vilivyotumika vinavyonunuliwa mbali. MV Spice Islander I iliundwa Ugiriki mwaka 1967. Ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi mara kadhaa kuliko ilivyoruhusiwa. Tume ya uchunguzi ilihesabu waliokufa na waliopotea kuwa 1,573. Mwaka huo huo MV Skagit ilinunuliwa Marekani. Iliundwa mwaka 1989 na kutumikia jimbo la Washington, katika maji ya Puget Sound yaliyokingwa na visiwa na rasi. Tarehe 18 Julai 2012 ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo wa kusi, ikiwa na abiria kupita idadi yake. Kwa Skagit swali la pili la ukaguzi, yaani maji ambayo chombo kinayafaa, lilikuwa zito kuliko la kwanza. Bodi nzima, injini inayowaka na rangi mpya havimwambii mnunuzi lolote kuhusu mawimbi ya Julai. Vipya ilipotea katika mwezi huo huo wa mwaka, miaka 66 kabla.

Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay imebadili namna vyombo vinavyofika ufukweni. Boti ya faiba iliyonunuliwa mtumba Dar es Salaam au Ghuba sasa huweza kushuka milima ikiwa juu ya lori, nzima, bila kufumuliwa. Kwa hiyo ukaguzi wa lazima uliokuwamo katika kuhesabu na kuunga vipande umekwisha, na nafasi yake lazima ijazwe kwa makusudi.

Mkaguzi mwenye ujuzi huiomba boti itolewe majini. Kwenye faiba hugonga kwa nyundo ya plastiki akisikiliza mahali penye mlio mfu, ishara kwamba tabaka zimeachana au maji yameingia kati. Kwenye chuma hutumia kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa bamba bila kulitoboa, kisha hulinganisha na unene wa awali. Kwenye mbao huchoma kwa ncha ya kisu karibu na mkuku na mataruma, mahali maji ya mvua hutuama. Ni kosa kudhani kwamba mbao huozeshwa na ziwa. Maji ya mvua yaliyosahaulika ndani ya chombo huozesha mbao haraka zaidi. Kisha chombo hurudishwa majini kwa majaribio, injini ikisukumwa kwa nguvu zake zote kwa muda wa kutosha ili joto lake lionekane. Muuzaji anayeiwasha injini kabla mkaguzi hajafika anaweza kuwa anaficha ugumu wake wa kuwaka ikiwa baridi.

Kwa meli kubwa, jibu la karibuni limekuwa kuunda ziwani penyewe. Kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza ilijenga katika Ziwa Nyasa meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, kisha MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Faida yake kubwa ni kwamba mkaguzi wa ziwani aliweza kusimama kando ya kila bamba likichomelewa, jambo lisilowezekana kwa meli ya Hamburg au Glasgow. Ujenzi wa bandari mpya ya Mbamba Bay ulianzishwa kwa matumaini ya mizigo ya kuvuka kwenda Malawi.

Vyombo vilivyo vingi zaidi, hata hivyo, ni mitumbwi na boti za mbao zinazobeba dagaa, muhogo na watu kati ya kijiji na kijiji. Hivi ndivyo vinavyouzwa mara nyingi, kwa mkono, ufukweni, bila hati. Mnunuzi wa Liuli anayemlipa fundi wa mashua asiye na undugu na muuzaji apindue chombo na kukigonga kabla ya fedha kutolewa anafanya jambo lile lile walilofanya wakata bima wa London wa 1760. Baada ya ununuzi, chombo cha abiria hupaswa kukaguliwa na TASAC kila mwaka kabla hakijapewa cheti cha kusafirisha watu.